Lita moja ya mafuta ya difu inaweza kumeza faida ya gari zima

Anayepita katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ataona kwamba rafu za mbele ni za mafuta ya injini. Makopo yake yanang'aa, bei zake zinajulikana hadi na kijana wa kufagia duka, na mteja huyataja kwa namba kabla hajaulizwa. Mafuta ya difu hukaa chini, jirani na grisi na maji ya betri. Mteja akiyaulizia, swali analorudishiwa mara nyingi ni moja tu: "Unataka ya bei gani?"

Kwa mwenye pikapu ya kubebea mchanga swali hilo halina madhara makubwa. Difu yake ni ya kawaida, na karibu kila kopo la mafuta ya gia lililo halali litamfaa. Kwa gari la spoti ni swali lililokosewa tangu mwanzo, na gharama yake haimpati muuza mafuta wala fundi. Inampata mwenye gari, na siku hizi mwenye gari huyo mara nyingi ni mfanyabiashara mdogo aliyeliingiza nchini ili aliuze.

Biashara yenyewe inaeleweka. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8, lakini Tanzania huliruhusu na kulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Kwa sababu hiyo Subaru Impreza, Nissan Skyline, Mitsubishi Lancer Evolution na Mazda Roadster za miaka ya nyuma bado hushuka bandarini Dar es Salaam. Wateja wake ni vijana wenye kazi, na wapo waliokua wakilisikia jina la Subaru tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza. Mwekezaji mwenye mtaji wa gari moja au mawili huona mwanya hapo, naye hakosei.

Anapokosea ni katika hesabu ndogo za mwisho. Tuchukue tarakimu za mfano tu, ambazo si bei za soko. Mfanyabiashara amelipia gari, meli, ushuru na usajili, naye anatarajia kubaki na Sh 2,000,000 baada ya kuuza. Fundi anamshauri kubadili mafuta yote kabla ya kulitangaza. Difu ya nyuma inachukua lita moja. Kopo la kawaida ni Sh 18,000. Lile linalotakiwa na difu hiyo ni Sh 45,000. Mwenye gari anachukua la kwanza na kuokoa Sh 27,000. Wiki tano baadaye mnunuzi anarudi, gari linalia na kuruka nyuma kila linapokata kona. Difu ya mtumba na ufundi wake ni Sh 1,200,000. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda, na kila shilingi iliyookolewa imegharimu shilingi 44.

Kazi ya difu

Gari linapokata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu mawili yanayosukumwa na injini moja kuzunguka kwa kasi tofauti. Ubaya wa difu ya kawaida unajulikana na kila aliyenasa kwenye tope: gurudumu moja likikosa mshiko linazunguka bure, na lile lililo pakavu linabaki limesimama. Dereva wa gari la spoti hukutana na ubaya huohuo akiwa kwenye lami kavu, kwa kuwa akikanyaga mafuta katikati ya kona gurudumu la ndani huinuka kidogo na nguvu yote hupotelea hapo.

Dawa ya viwanda kwa tatizo hilo ni difu inayobana, ambayo mafundi na makopo ya mafuta huiita LSD. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapopotea, kwa kuwa wanadhani LSD ni kitu kimoja. Aina zinazokutana sana na mnunuzi wa mtumba ni tatu, na kila moja ina mahitaji yake ya mafuta.

Ya kwanza ni ya pleti. Ndani yake mna pleti za klachi zilizopangana, zinazosuguana ili kuyashika magurudumu mawili pamoja, na pleti hizo huogelea katika mafuta yaleyale yanayolainisha meno ya gia. Ndiyo difu iliyo dhaifu kuliko zote kwa upande wa mafuta. Ikiwekewa mafuta ya gia yasiyo na dawa ya kulainisha msuguano, pleti hazitelezi polepole bali hushika na kuachia, kushika na kuachia. Dereva husikia mtetemo na vishindo chini ya kiti cha nyuma anapokata kona ya taratibu, kama vile anapoegesha. Akiendelea hivyo pleti huungua na kulika. Dawa ikizidi nayo ni tatizo: pleti huteleza kupita kiasi, difu haibani tena, na mwenye gari amebaki na difu ya kawaida aliyoilipia bei ya LSD.

Ya pili ni ya gia tupu, ambayo jina lake la kibiashara linalofahamika zaidi ni Torsen. Haina pleti za klachi za kubana. Hubana kwa msuguano wa meno ya gia zake zenyewe, na mafuta ya kawaida ya daraja la GL-5 huitosha. Kuimiminia dawa ya pleti ni kupoteza fedha, tena ni kuipunguzia ule msuguano inaoutegemea kufanya kazi.

Ya tatu ni ya viskasi. Pleti zake zimefungwa ndani ya kopo la chuma lililojazwa silikoni kiwandani, na mafuta anayoyamimina fundi hayafiki huko ndani kabisa. Mafuta ya GL-5 ya kawaida yanaitosha hii pia, kwa kuwa kazi yake ni kulainisha gia na beringi za nje tu. Kopo hilo likichoka hakuna mafuta yatakayolifufua, hata yauzwe kwa bei gani. Muuza duka anayemwahidi mteja kwamba mafuta fulani "yatairudishia nguvu" difu ya viskasi anauza maneno.

Bodi moja, difu tatu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Subaru Impreza ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2000. Yadi moja inaweza kuwa na tatu zilizopangwa mstari mmoja, zote nyeupe, zote zimefungwa bawa la nyuma, na asiyejua ataziona ni gari lilelile lenye bei tatu. Impreza ya kawaida mara nyingi ina difu ya nyuma isiyobana. WRX ina ya viskasi. WRX STI ya miaka ya mwanzo ina difu kubwa zaidi yenye pleti, na ile ya 2007 ina Torsen. Mafuta yanayoifaa WRX yanaweza kuitesa STI iliyoegeshwa kando yake, na jina lililo mgongoni mwa gari halisaidii sana, kwa sababu beji ya STI inauzwa dukani na kubandikwa na yeyote.

Mazda Roadster nayo ina mtego kama huo. Zile za kwanza za injini ya lita 1.6 zilizokuwa na LSD zilitumia viskasi. Injini ya lita 1.8 ilipoingia, zilizokuwa na LSD zikapewa Torsen. Nyingine nyingi hazikuwa na LSD ya aina yoyote. Lancer Evolution yenye mfumo wa AYC wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma inahitaji uangalifu wa peke yake, maana upande mmoja hutumia mafuta ya gia na upande mwingine haidroliki, kila upande na tundu lake la kujazia. Fundi asiyeijua asiiguse. Na kwa Nissan GT-R ya R35 hakuna mjadala: kiwanda kilitaja mafuta mahsusi ya difu ya nyuma, ya Motul, ya uzito wa 75W-140, na bei yake ni ya kutisha. Asiyekuwa na uwezo wa kuyanunua asinunue gari hilo akitarajia faida.

Mnunuzi atatambuaje aina ya difu? Mafundi wengi huinua magurudumu ya nyuma, wakaweka giaboksi huru na kuzungusha gurudumu moja kwa mkono. Jingine likizunguka kinyume, wanasema ni difu ya kawaida. Likizunguka upande uleule au likigoma, wanasema ni LSD. Jaribio hilo ni zuri kwa difu ya pleti iliyo nzima. Lakini Torsen mara nyingi huzungusha gurudumu la pili kinyume kama difu ya kawaida, na difu ya pleti iliyokwisha hufanya vilevile. Kwa Impreza inayoendeshwa na magurudumu manne, tena, jaribio la kuinua nyuma peke yake linachanganya zaidi. Njia ya uhakika ni kusoma kibati cha modeli na namba ya chasisi, kisha kuitafuta katika katalogi ya spea ya kiwanda. Baadhi ya difu za Japani pia hubandikwa karatasi inayosema zitumie mafuta ya LSD tu. Karatasi hiyo ikionekana, isomwe kabla gari halijapigwa maji ya presha na kuing'oa.

Namba za kopo

Kopo la mafuta ya gia lina mambo mawili ya kusoma: uzito na daraja. Kuhusu uzito kuna dhana moja iliyoenea madukani inayostahili kuondolewa. Wateja hudhani mafuta ya gia ya 90 ni mazito karibu mara mbili ya mafuta ya injini ya 50. Sivyo. Vipimo vya gia na vya injini ni mizani miwili tofauti. Katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi, mafuta ya gia ya SAE 90 yana uzito wa sentistoki 13.5 hadi 18.5, na mafuta ya injini ya SAE 50 yana 16.3 hadi 21.9. Ni majirani. Muuzaji anayesema "hii ni nzito sana, ni tisini" hajauelewa mzigo wake.

Namba ya kwanza, ile yenye herufi W, inaeleza mafuta yanavyotiririka kwenye baridi. Mafuta ya 75W hupimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwa 26 chini ya sifuri na 85W kwa 12 chini ya sifuri. Hizo ni hali za Hokkaido, si za Mbagala wala Kisumu. Kwa gari litakaloishi Dar es Salaam, tofauti ya 75W na 80W si sababu ya kulipia zaidi. Inayolipiwa ni namba ya pili, 90 au 140, pamoja na ubora wa mafuta yenyewe. Hata hivyo mafuta ya 75W-90 kwa kawaida huwa ya sinthetiki au yenye mchanganyiko wake, na sinthetiki hustahimili joto kali kwa muda mrefu zaidi. Basi anayeyanunua ananunua ustahimilivu wa joto, ingawa kopo linamtangazia baridi.

Je, 140 ni bora kuliko 90 kwa nchi ya joto? Hapa mafundi hugawanyika. Kwa gari linaloendeshwa kwa fujo, linalokimbia mashindano au kupandishwa milima kwa kasi, tabaka zito la mafuta ni ulinzi, na vipo viwanda vinavyoagiza 75W-140 kwa difu zao za pleti. Kwa gari la kwenda kazini, mafuta mazito kuliko yaliyoagizwa huongeza ukinzani, hula petroli kidogo zaidi na yenyewe huzalisha joto. Kilichoandikwa katika kitabu cha gari ndicho cha kuanzia, na hoja ya kukiacha itoke kwa anayelijua gari, si kwa mwenye duka aliyebakiwa na katoni za 140.

Daraja ndilo lenye uzito zaidi. Gia kuu mbili za difu ya nyuma, krauni na piniani, katika magari mengi ni za haipoidi, yaani piniani haikai katikati ya krauni bali imeshushwa chini kidogo. Mpangilio huo unaipa gia nguvu na ukimya, lakini meno yake hayagusani kwa kubingirika tu; yanatelezeana chini ya shinikizo kubwa, na mtelezo huo huyakwangua mafuta ya kawaida na kuacha chuma kwa chuma. Ndiyo sababu mafuta ya difu hutiwa kemikali za salfa na fosforasi, zinazojenga ngozi ya ulinzi juu ya jino la gia, na ndiyo sababu yananuka vibaya kama yai viza. Daraja la GL-5 lina kemikali hizo kwa kiwango cha kuihimili haipoidi. GL-4 ina kiasi cha chini, takriban nusu, nayo imekusudiwa kazi nyepesi zaidi.

Kutokana na hilo imezaliwa kanuni ya gereji: GL-4 kwenye giaboksi, GL-5 kwenye difu. Kwa magari mengi ya injini mbele na mvuto nyuma si kanuni mbaya, kwa sababu zipo giaboksi za gia za mkono ambazo pete zake za shaba hazipatani na mafuta ya GL-5. Tatizo ni pale inapokutana na Subaru. Katika Subaru ya gia za mkono, giaboksi na difu ya mbele zimo katika nyumba moja na zinakunywa mafuta mamoja, kama lita 3.5 kwa giaboksi ya gia 5. Ndani mna haipoidi, na kiwanda huagiza GL-5. Fundi anayeshika kanuni yake bila kuuliza atamimina GL-4 "kwa ajili ya giaboksi" na kuiacha difu ya mbele bila ulinzi inaouhitaji. Porsche 911 ya gia za mkono nayo imeunganisha giaboksi na difu, ingawa wenye Porsche hawapeleki magari yao kwa mafundi wa chini ya mwembe.

Subaru ya otomatiki ni kinyume chake. Giaboksi ina haidroliki yake, difu ya mbele ina mafuta yake ya gia, na nati za kumwagia ziko karibu karibu chini ya gari. Kosa la kumwaga haidroliki ya giaboksi kwa kudhani ni mafuta ya injini au ya difu, kisha kuongeza mafuta mapya mahali pasipotakiwa, limewakuta mafundi katika nchi nyingi. Mwenye gari akae hapohapo kazi inapofanyika.

Kwa muuza duka

Mwenye duka la spea anayetaka kuhudumia soko hili hana haja ya kuijaza rafu. Magari ni machache, difu ya nyuma hula mafuta kidogo tu (ile ndogo ya Impreza ni kama lita 0.8), na mafuta hayabadilishwi kila mwezi. Pipa la lita 208 la mafuta ya LSD ni mtaji uliolala. Mzunguko wa fedha unatoka kwenye mafuta ya malori na pikapu, yaani 80W-90 na 85W-140 za GL-5, na hayo yaendelee kununuliwa kwa pipa. Kwa wateja wa spoti zinatosha katoni moja ya 75W-90 ya GL-5 isiyo na dawa ya pleti, katoni moja iliyoandikwa LS au LSD, na chupa chache ndogo za dawa yenyewe. Hapo muuzaji awe na jambo moja kichwani: kopo lililoandikwa LSD kwa kawaida tayari lina dawa. Kumuuzia mteja kopo hilo na chupa juu yake ni kuongeza mauzo ya siku moja na kupoteza mteja.

Dawa hizo zina historia yake. Mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa malighafi za kulainisha msuguano katika haidroliki za giaboksi otomatiki za Marekani, mpaka sheria za kuwalinda wanyama hao zilipoyaondoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Chupa ndogo inayodharauliwa rafuni ni matokeo ya utafiti wa aina hiyo.

Jambo gumu ni mafuta bandia. Wafanyabiashara wengi wamezoea kutafuta alama ya duara ya API kwenye kopo la mafuta ya injini, na wakiikosa kwenye mafuta ya gia huingiwa na shaka. Shaka hiyo ielekezwe kwingine. Mpango wa API wa kutoa leseni ya alama hiyo ni wa mafuta ya injini; GL-4 na GL-5 ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe kwamba mafuta yake yanafikia daraja. Kopo la mafuta ya difu lenye duara la leseni, basi, ndilo la kutiliwa shaka. Kopo lililoandikwa GL-6 kwa madai ya kuipita GL-5 nalo lisiongezewe bei, kwani hilo ni daraja la zamani lililokwisha kuachwa, na mitambo ya kulipimia haipo tena. Anayetaka uthibitisho wa mtu wa tatu atafute maandishi ya SAE J2360. Hicho ni kipimo chenye orodha ya mafuta yaliyohakikiwa, na jina la mafuta linaweza kulinganishwa na orodha hiyo. Zaidi ya hapo kinachobaki ni risiti ya msambazaji anayejulikana, na kukumbuka kwamba Shirika la Viwango la Tanzania na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa kwa mwenye duka, si kwa aliyemletea usiku.

Kabla ya kununua gari, na kabla ya kuliuza

Mafuta yanayotoka katika difu ni taarifa ya bure juu ya gari. Nati ya kumwagia ya difu nyingi ina sumaku. Ikiwa na uji wa kijivu laini kama masizi yaliyochanganywa na grisi, hiyo ni hali ya kawaida ya chuma kinachosuguana. Ikiwa na vipande vinavyoshikika kwa vidole, jino limemeguka au beringi imevunjika, na bei ya gari ijadiliwe upya palepale. Mafuta yenye harufu kali ya kuungua katika difu ya pleti yanaashiria pleti zilizoteswa. Mafuta meupe kama maziwa yameingiliwa na maji.

Hilo la maji Dar es Salaam si la kufikirika. Difu ina tundu dogo la kupumulia. Ikiwa ya moto kisha ikazama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia tundu hilo au kwenye sili iliyochoka. Gari lililovuka Jangwani wakati wa mafuriko ya masika, maji yakiwa juu ya ekseli, limwagwe mafuta ya difu wiki hiyohiyo. Ni gharama ya lita moja. Beringi zenye kutu hazitasubiri msimu ujao.

Kazi yenyewe ni nyepesi, ila ina mpangilio ambao fundi mwenye haraka huupuuza. Nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla ya kugusa ya kumwagia. Wapo waliomwaga mafuta yote, kisha wakakuta nati ya juu imeshikana kwa kutu, na gari likalala gerejini likiwa na difu tupu. Mafuta yamwagwe yakiwa ya moto kidogo, baada ya mwendo mfupi, ili yashuke na uchafu wake. Yajazwe gari likiwa sawasawa, hadi yafike kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Wanaoinua upande mmoja na kujaza mpaka yamwagike wamejidanganya kwa kipimo.

Kama difu ni ya pleti, kazi haijaisha hapo. Gari lipelekwe kwenye uwanja mtupu na kuzungushwa taratibu kwa umbo la namba nane, mara kumi au zaidi, ili mafuta mapya yaingie katikati ya pleti. Mara nyingi vishindo vilivyokuwapo hupungua katika mzunguko wa tano au wa sita. Vikibaki vilevile na mafuta ni ya LSD, chupa ndogo ya dawa inaweza kuongezwa kwa kiasi kidogo kidogo, kila mara uwanja ukirudiwa. Vikibaki hata baada ya hapo, pleti zimekwisha, na mwenye gari ana uamuzi wa kufanya: azibadili kabla ya kuuza, au apunguze bei na kumwambia mnunuzi sababu.

Wanunuzi wa magari haya nao wameanza kujanjaruka. Anayekuja kuitazama STI akiwa na fundi wake ataomba kuizungusha namba nane kabla hajauliza bei, na atauliza ni mafuta gani yamo ndani ya difu. Muuzaji aliyebakiza kopo tupu na risiti yake, na aliyefunga kwenye difu kibati chenye tarehe, kilomita na maandishi "75W-90 GL-5 LSD" kwa rangi ya chuma, humjibu kwa kumwonyesha.